Wekeni neno la siri nyumbani

Wale matapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii" tulishawazoea hapa Dar. Sasa wana akili mnemba: sekunde chache za sauti yako kutoka kwenye klipu uliyorusha mtandaoni zinatosha kutengeneza sauti inayofanana na yako. Mama kule Mbagala anasikia "mama, nimepata ajali, tuma haraka," na mikono inamtetemeka. Msimlaumu. Mwaka 2024 mfanyakazi wa kampuni ya uhandisi ya Arup, Hong Kong, alihamisha dola za Marekani zipatazo milioni 25 baada ya kikao cha video ambamo wenzake aliowaona walikuwa bandia.

Kwa hiyo leo usiku mkiwa mezani, chagueni neno moja la siri la familia. Lisiwe jina la mtoto wala la mtaa, na msiliandike kwenye grupu. Akipiga mtu anaomba hela, aulizwe neno. Akilikosa, au akikazania kwamba hakuna muda, kata simu, halafu mpigie mwenyewe kwa namba uliyonayo siku zote. Bibi naye afundishwe, tena taratibu, mpaka alizoee. Namba ya tapeli iripotini kwa kuituma kwa SMS kwenda 15040.