Derivativu za Mtoto Wako Marekani: Jibu Sahihi, Alama Sifuri

Mzazi uliyesoma Kenya, Uganda au Tanzania unaijua kalkulasi kwa sura moja: ubao, chaki, kanuni ya vipeo (kipeo kishuke mbele, kisha kipunguzwe moja), mazoezi mengi, kisha mtihani wa taifa. Mtoto aliye high school Marekani anasoma hesabu zilezile, lakini alama zinatolewa kwa utaratibu mwingine, na hapo ndipo familia zetu zinaumia. Swali linapigwa picha, linatumwa WhatsApp kwa mjomba anayefundisha Form Six, mjomba analimaliza kwa mstari mmoja, jibu ni sahihi kabisa, na mwalimu anaandika sifuri.

Tafadhali soma vizuri hapa. Mwalimu wa huku, hasa katika wiki za mwanzo za derivativu (yaani kasi ambayo f(x) inabadilika x inapobadilika), hatoi alama kwa jibu. Anatoa alama kwa njia aliyoifundisha wiki hiyo. Nyumbani pia kuna alama za njia, msahihishaji wa KNEC au NECTA, mabaraza ya mitihani ya Kenya na Tanzania, anazitoa, lakini mara nyingi njia yoyote halali inakubalika. Huku swali lenyewe linataja njia, na ukitumia nyingine hujajibu swali.

Chukua f(x) = 3x² − 5x. Swali linasema: tafuta derivativu kwa kutumia kikomo, yaani thamani ambayo jibu linaikaribia h inapokaribia sifuri. Hii ni ile njia ndefu ambayo wengi wetu tulipitishwa haraka tukaiacha. Mjomba ataandika 6x − 5, basi. Mwalimu anataka kuona haya:

f(x+h) = 3(x+h)² − 5(x+h) = 3x² + 6xh + 3h² − 5x − 5h
f(x+h) − f(x) = 6xh + 3h² − 5h
Gawanya kwa h: 6x + 3h − 5
h inapokaribia 0: lim (6x + 3h − 5) = 6x − 5

Mistari minne, na kila mmoja una mahali pake pa kuangukia. Wa kwanza, mtoto anaandika (x+h)² = x² + h² na kuisahau 2xh, au anachukua f(x+h) kuwa ni f(x) + h. Wa pili, anatoa f(x) bila kuweka mabano, kwa hiyo −5x inabaki hasi badala ya kugeuka chanya, na vile vitu vilivyopaswa kufutana havifutani. Hiki ni kipimo kizuri hata kwa mzazi aliyesahau yote: ukishatoa f(x), kila kijisehemu kilichobaki lazima kiwe na h ndani yake. Kikibaki kimoja kisicho na h, kosa liko juu ya hapo. Wa tatu, anaweka h = 0 kabla ya kugawanya na kupata sifuri juu ya sifuri. Wa nne, alama ya kikomo, lim: tangu unapogawanya kwa h iandikwe kila hatua mpaka h inapowekwa sifuri, na ikishawekwa iondoke. Mwalimu wa nyumbani angeipuuza. Wa huku anakata.

Sasa kuhusu mjomba. Ndugu zetu wana nia njema na hesabu wanazijua, hilo halina ubishi. Lakini mjomba mpendwa, ukitumiwa picha ya swali peke yake usijibu. Omba picha mbili zaidi: ukurasa wa daftari wa siku hiyo darasani, na pale mtoto alipofikia mwenyewe. Kisha mwambie ni mstari upi umepinda. Na wewe mzazi, badilisha unachoomba, acha “naomba jibu”, sema “amekosea wapi?” Kumbuka na saa. Mtoto wa New York anayekumbuka kazi saa tatu usiku anamwamsha mjomba saa kumi alfajiri wakati wa kiangazi cha huku, na saa kumi na moja wakati wa baridi. Kazi nyingi hukusanywa mtandaoni na dirisha linafungwa saa tano na dakika 59 usiku. Mjomba aliyeamshwa atatoa jibu fupi ili arudi kulala, na jibu fupi ndilo linalotuponza.

Mtego uleule unavaa nguo nyingine kwenye programu za simu zinazopiga picha swali na kutoa hatua zote. Programu haijui darasa limefika wapi. Inatumia kanuni ya vipeo mahali pa kikomo, au inatatua kikomo cha sifuri juu ya sifuri kwa kanuni ya L'Hôpital (derivativu ya juu kugawanywa kwa derivativu ya chini) ambayo darasa litaifikia miezi ijayo. Mwalimu akiiona L'Hôpital mwezi wa Septemba hahitaji upelelezi. Atamwita mtoto, atampa karatasi tupu na kumwomba aeleze. Mtoto aliyenakili hawezi, na hapo mambo yanatoka kwenye hesabu na kuingia kwenye uaminifu wa kitaaluma, jambo ambalo shule za huku zinalichukulia kwa uzito ambao wazazi wetu wengi hawautegemei. Soma silabasi ya mwalimu, ile karatasi ya mwanzo wa muhula tunayoitia saini bila kuisoma. Mara nyingi mle ndimo imeandikwa kama programu hizo na akili mnemba zinaruhusiwa, na kwa kiasi gani. Mwalimu mmoja anaruhusu kukagua jibu, wa chumba cha jirani anakataza kabisa. Na ukiingiza kadi ya benki kwa ajili ya “majaribio ya bure”, jua tarehe ya kufuta kabla hujabonyeza.

Kunakili kwa rafiki nako hakusaidii sana: mifumo mingi ya kazi za mtandaoni humpa kila mwanafunzi namba zake.

Kuna ubaya mwingine, wa polepole zaidi. Katika madarasa mengi kazi ya nyumbani ina uzito mdogo kwenye alama ya mwisho, na mitihani ndiyo inabeba mzigo. Mtoto anaweza kuwa na mia kwa mia kwenye kazi na arobaini kwenye mtihani, na wewe ukaona nyota na maneno ya “kazi nzuri!” mpaka siku ripoti inapotoka. Wamarekani husifu sana. Ni watu wa kutia moyo, na si unafiki, lakini sifa yao si kipimo. Sisi tuliolelewa na walimu waliotoa sifa kwa kijiko tunaisikia sifa ya huku kama cheti. Fungua tovuti ya alama ya shule kila wiki na uangalie safu ya mitihani peke yake.

Msaada wa halali upo, na mwingi ni bure. Wa kwanza ni mwalimu mwenyewe: wengi wana muda wa kusaidia kabla ya masomo, wakati wa chakula au baada ya kengele ya mwisho. Lakini hatamfuata mtoto. Nyumbani mwalimu akiona umeshuka anakuita, pengine na mzazi anaitwa. Huku mtoto anatarajiwa aandike barua pepe yeye mwenyewe, na ikitoka kwa mzazi inaonekana kama malalamiko. Aandike namba ya swali, alichojaribu na mstari aliokwama. “Sielewi derivativu” haitampatia kitu.

Maktaba ya umma: kadi ni bure kwa wakazi, na maktaba nyingi hulipia huduma ya walimu wa mtandaoni ambayo mwenye kadi anaitumia bila malipo. Khan Academy ina kozi nzima ya kalkulasi, bure. Shule yenye tawi la Mu Alpha Theta, chama cha wanafunzi wa hisabati, mara nyingi ina wanafunzi wakubwa wanaofundisha wenzao. Mwalimu wa kulipwa awe wa mwisho, na asiyeuliza daftari la darasa kabla ya kuanza, mwache.

Mzazi usiyekumbuka kalkulasi bado una kazi ya kufanya, kwa sababu makosa mengi ya derivativu ni ya aljebra, na ile ya Form Two unayo. Kabla ya kutumia kanuni ya vipeo, kila kitu kigeuzwe kuwa kipeo: 1/x³ iwe x⁻³, kipeuo cha pili cha x kiwe x^(1/2). Kisha angalia toa moja: −3 toa 1 ni −4, kwa hiyo derivativu ya x⁻³ ni −3x⁻⁴. Watoto huandika −3x⁻² kila siku. Kwenye kanuni ya kugawanya, ya u/v, sehemu ya juu ya jibu ni u′v − uv′ (alama ′ ni derivativu), na mpangilio ukigeuzwa jibu lote linabadilika ishara.

Kanuni ya mnyororo, ya pale kitu kimoja kiko ndani ya kingine, ndiyo inayozaa makosa mengi kuliko zote. (3x² + 1)⁵ inatoa 5(3x² + 1)⁴ · 6x, yaani 30x(3x² + 1)⁴, na kinachosahaulika ni ile 6x. Kwa sin²(4x) matabaka ni matatu: kipeo cha pili, sin, kisha 4x. Mtoto aandike (sin(4x))² kwanza ili ayaone, halafu amenye kutoka nje: 2 sin(4x) · cos(4x) · 4, yaani 8 sin(4x) cos(4x). Mwulize swali moja tu: “Ndani kuna nini, na derivativu yake umeizidisha?” Huhitaji kujua jibu ili kuliuliza.

Kikokotoo nacho kiwekwe kwenye radiani. Sisi tulizoea digrii, na mtoto aliyehama katikati ya sekondari anazo kichwani. Derivativu ya sin x ni cos x kwenye radiani pekee. Akipata 0.01745 badala ya 1 pale x = 0, hajakosea hesabu; hiyo ni π/180, kikokotoo kiko kwenye digrii. Kuhusu kununua cha grafu, uliza kwanza kama shule inaazimisha.

Kama darasa ni AP Calculus, kozi ya kiwango cha chuo inayosomwa high school, mtihani ni wa College Board, taasisi inayoendesha kozi za AP, unafanyika Mei na alama ni 1 hadi 5. Hapa yule mjomba anaweza kumponza mtoto kwa upande wa pili, yaani kwa kumlazimisha arahisishe. Kwenye maswali ya kujieleza (free response, yanayoandikwa hatua kwa hatua), jibu halihitaji kurahisishwa isipokuwa swali limesema hivyo. Mlinganyo wa tanjenti ukiachwa y − 4 = 7(x − 3) umekamilika; kuugeuza kuwa y = mx + c kwa mazoea ya kwetu ni kutafuta kosa la bure. Desimali ziwe sahihi hadi nafasi tatu, na asikadirie katikati ya hesabu. Jibu lililosimama peke yake bila kazi kwa kawaida halipati alama, hata likiwa sahihi.

Maswali ya kujieleza ni sita, kila moja alama 9: mawili ya kwanza kwa kikokotoo kwa dakika 30, manne bila kikokotoo kwa dakika 60. College Board huweka ya miaka iliyopita mtandaoni bure pamoja na mwongozo wa kusahihisha. Chapisha swali moja, mpe mtoto dakika 15 bila simu, kisha sahihisheni pamoja kwa mwongozo huo, alama kwa alama. Mjomba naye atumiwe mwongozo uleule kabla hajaanza kusaidia.