Gari ya Japani na rikoli ya usukani: unavyocheki kwa chesisi namba

Watu wengi wakinunua Wish au Corolla ya mtumba wanaangalia rangi, wanaangalia kilomita, wanafungua boneti na kusikiliza injini kama madaktari, ila hawaulizi kama kampuni iliyoitengeneza ilishasema irudi ikarekebishwe. Hiyo ndo rikoli, na ya stelingi usiichukulie poa.

Chukua hii ya Toyota, Novemba 2012. Waliita magari kama milioni 2.77 dunia nzima, zaidi ya nusu yapo Japani kwenyewe, Prius, Corolla na Wish zikiwemo. Shida ilikuwa kipande cha shafti kinachounganisha usukani na reki kule chini, yaani ile sehemu inayogeuza magurudumu, chuma chake hakikukomaa vya kutosha, sasa ukiwa unakata usukani mpaka mwisho kwa nguvu huku gari inatembea polepole, tena mara kwa mara, yale meno yanalika na usukani unaanza kucheza. Kukata mpaka mwisho gari ikitambaa, yaani kupaki Kariakoo kila siku!

Haya, unachekije. Rikoli haifuati pleti namba wala jina la gari, inafuata chesisi, yaani namba ya utambulisho ambayo kiwanda kiliipa gari. Angalia kwenye kadi ya gari, halafu usiiamini kadi peke yake, fungua boneti utakuta kibati, linganisha. Gari iliyotengenezwa kwa soko la Japani chesisi yake ni fupi, mfano Wish nyingi zinaanza na ZNE10 halafu kistari halafu tarakimu saba. Hapa ndo wengi wanapopotea, wanaenda kwenye tovuti ya NHTSA, mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, ile inataka namba ya herufi na tarakimu 17, wanaambiwa namba sio sahihi, wanafunga simu wanasema gari haina shida. Haijasema haina shida, umegonga mlango wa jirani tu. Ya kwako nenda toyota.jp, tafuta ukurasa wa rikoli, ni Kijapani kitupu lakini simu inakutafsiria, ingiza chesisi kama ilivyo kwenye kibati uone kama ipo kwenye orodha na kama kazi ilishafanyika. Kama gari yako ilitokea Marekani, hapo sawa, NHTSA ndo kwenyewe, hata Civic za 2022 kuja juu zenye usukani unaokwama kwama ziliitwa Oktoba 2024, pamoja na Honda na Acura nyingine jumla kama milioni 1.7.

Kitu kingine, fungua mlango wa dereva uangalie pale mlango unapojifungia, Wajapani walikuwa wakimaliza rikoli wanabandika kastika kadogo kenye namba. Ukikuta, vizuri. Usipokuta haimaanishi kitu, huenda kilitoka wakati wa kupiga rangi.

Ikionekana haijafanyika, printi ile kurasa nenda kwa wakala wa Toyota, uliza bei kabla hujaacha gari, maana Japani ni bure ila wewe gari hukuinunua kwao na wanaweza kukutoza. Ukiamua fundi wa mtaani, mwambie kabisa "shafti ya usukani", la sivyo atasikia kugonga atabadilisha tairodi endi, kile kiungo cha karibu na gurudumu, utalipa, na kugonga kutabaki palepale. Washa gari ikiwa imesimama, mtu mmoja achezeshe stelingi kidogo kushoto kulia, fundi awe chini ameshika maungio, stelingi ikitembea na reki imetulia basi kuna kitu kimelika katikati. Na shafti nunua mpya, ya mtumba kutoka kwenye gari ya miaka ileile inaweza kuwa na ugonjwa uleule.

Halafu tunza risiti na hiyo shafti ya zamani, kwa sababu kazi ya mtaani Japani hawaioni, siku unauza mnunuzi akicheki chesisi atakuta bado inasoma haijafanyika.