Kabla ya kupimwa vimeng'enya vya misuli

Niliwahi kuambiwa ini langu lina ugonjwa, kumbe ni mapaja. Siku mbili kabla ya kipimo nilikuwa nimekimbia kuteremka mlima kwa mara ya kwanza, na AST na ALT, vimeng'enya (protini zinazoendesha kazi za kikemikali mwilini) ambavyo hupimwa kuangalia ini, vikapanda. Hivyo viwili havikai kwenye ini peke yake. Misuli nayo inavyo. Ukipata majibu ya namna hiyo na misuli inauma, omba wapime pia CK, kimeng'enya kinachovuja nyuzi za misuli zinapoumia, na GGT, kimeng'enya kingine cha ini ambacho misuli haikipandishi.

Pumzisha mwili na mazoezi mazito siku kadhaa kabla ya kutoa damu. Mimi sasa naacha wiki nzima. Mtajie daktari dawa zote unazotumia, hasa statini za kupunguza kolesteroli, na sindano yoyote ya msuli uliyochomwa karibuni.

Maumivu ya siku mbili tatu baada ya zoezi jipya usiyaogope. Chembe za kinga huingia palipoumia, husafisha mabaki, kisha huziamsha seli za akiba zitengeneze nyuzi. Inflamesheni hiyo, yaani kazi ya kinga palipoumia, ni fundi. Inayobomoa ni ile isiyokwisha: katika ugonjwa wa misuli uitwao polimayositisi, kinga hushambulia msuli wenyewe, na dalili yake kubwa ni udhaifu kuliko maumivu. Ukiona kuinuka kitini au kupanda ngazi kunazidi kukushinda wiki hadi wiki, nenda ukapimwe.

Mkojo ukiwa na rangi ya chai ya rangi baada ya mazoezi, usingoje kesho. Mayoglobini, protini ya misuli, iliyovuja kutoka kwenye misuli inaweza kuharibu figo.