Jinsi ya kutumia Roma Pass ya saa 72 bila kupoteza viingilio vyako viwili vya bure

Napokea wageni Roma, wengi wao mahujaji kutoka Kenya na Tanzania, na karibu kila kundi lina mtu aliyekwisha nunua Roma Pass, kadi ya watalii ya kuingilia makumbusho na kupandia usafiri wa jiji, bila kujua inavyohesabu. Kanuni yake ni hii: sehemu mbili za kwanza utakazoingia ndizo za bure. Kuanzia ya tatu unalipa, ila kwa punguzo. Huchagui ipi iwe ya bure. Mfuatano wako ndio unaochagua. Ukianza na makumbusho madogo ya bei nafuu kwa sababu tu yako karibu na hoteli, umeshatumia nusu ya faida yako.

Hatua ya 1: Piga hesabu kabla ya kununua

Tiketi ya kawaida ya Colosseo, ule uwanja mkubwa wa kale wa michezo, ni euro 18, na ndani yake mna Foro Romano (magofu ya kitovu cha Roma ya kale) na kilima cha Palatino. Jumlisha na tiketi ya sehemu ya pili unayoitaka kwa dhati. Kisha weka nauli: tiketi moja ya metro, basi au tramu ni euro 1.50 na inadumu dakika 100, na kadi inakuondolea gharama hiyo ndani ya jiji. Treni za uwanja wa ndege hazimo. Linganisha jumla yako na bei ya kadi. Kama unapenda kutembea kwa miguu na shida yako ni Colosseo peke yake, nunua tiketi ya Colosseo, basi.

Watoto wasikutie gharama. Wa chini ya miaka 18 huingia bure Colosseo na kwenye makumbusho ya serikali, na wa chini ya miaka 10 akiwa na mtu mzima hapandi metro kwa nauli.

Na hili nawaambia mahujaji mapema, maana linauma likigunduliwa mlangoni: Makumbusho ya Vatican hayamo kwenye kadi hii. Vatican ni dola nyingine, ina tiketi zake. Kanisa la Mtakatifu Petro lenyewe halina kiingilio kwa mtu yeyote.

Hatua ya 2: Chagua siku

Jumatatu Galleria Borghese (makumbusho ya sanaa) na Castel Sant'Angelo (ngome ya kale) hufungwa. Colosseo na Musei Capitolini (makumbusho ya jiji) huwa wazi. Jumapili ya kwanza ya mwezi Colosseo na makumbusho ya serikali ni bure kwa wote, kwa hiyo usichome kadi siku hiyo.

Hatua ya 3: Weka nafasi

Hapa ndipo wengi hukwama. Kuwa na kadi si kuwa na nafasi. Colosseo inadai uweke nafasi ya siku na saa hata ukiwa na Roma Pass, na Borghese huingiza watu kwa zamu za saa mbili mbili. Anza na hizi mbili, wiki kadhaa kabla ya safari ikiwezekana, ndipo upange mengine kuzizunguka. Jina uandike kama lilivyo kwenye pasipoti, na pasipoti uje nayo, kwa sababu getini Colosseo wanalinganisha. Angalia pia saa: ikiandikwa 9:30 ni saa tatu na nusu asubuhi, na 15:00 ni saa tisa alasiri.

Hatua ya 4: Usiiamshe kadi mapema

Saa 72 huanza unapoitumia mara ya kwanza, iwe makumbusho au metro. Ukifika jioni umechoka, lipa euro 1.50 ufike hotelini, kadi ibaki mfukoni. Ukiianza Jumanne saa tatu asubuhi, itakufikisha Ijumaa saa tatu asubuhi.

Hatua ya 5: Ingia kwa mpango

Kwanza Colosseo, asubuhi, kabla jua halijakolea. Shuka metro ya mstari B, kituo cha Colosseo. Ukitoka tu unaiona mbele yako. Endelea na Foro na Palatino siku hiyo hiyo, maana vyote vinahesabiwa kuwa sehemu moja. Vaa viatu vya kutembea, njia za Foro ni mawe ya kale.

Pili Borghese. Mabegi huachwa chini, kwa hiyo usibebe mengi. Muda ukikubana, nenda kwenye sanamu ya Apollo akimkimbiza Dafne, msichana anayegeuka mti, ya mchongaji Bernini, aliyoimaliza mwaka 1625. Usisimame mbele tu, izunguke polepole. Upande mmoja unaona kijana anakimbia. Ukisogea, vidole vya msichana vinachipua majani ya marumaru membamba mno, na gamba la mti linampanda kiunoni.

Tatu, kwa punguzo, Musei Capitolini. Ndani kuna sanamu ya asili ya shaba ya Marcus Aurelius, kaizari wa Roma, juu ya farasi. Ile ya uwanjani nje ni nakala. Tafuta njia ya chini ya ardhi inayokwenda Tabularium, jengo la kale la kuhifadhia nyaraka, ukaione Foro yote kutoka juu.

Saa zinazobaki zipeleke makanisani. Kanisa la San Luigi dei Francesi lina michoro mitatu ya mchoraji Caravaggio ya Mtakatifu Mathayo, bila kiingilio. Beba sarafu za kuwasha taa iliyo mbele ya michoro, na mtandio wa kufunika mabega.