Ukionja pu-erh, mwaga maji ya kwanza

Ukipata kipande cha pu-erh, ile chai ya Yunnan, China, inayochachushwa na kushindiliwa ikawa bapa kama chapati nene, usiichemshe na maziwa kama chai ya asubuhi. Banyua gramu 5 hivi kwa ncha ya kisu, tia kikombeni, mimina maji yanayotokota, kisha yamwage papo hapo. Yanaondoa vumbi na kulegeza majani yaliyokazana. Sasa mimina mililita 100 nyingine, subiri sekunde 15, chuja, onja bila sukari. Majani yaleyale yatumie tena na tena, ukiongeza muda kidogo kila mara. Kwangu mimi kikombe cha tatu ndicho kitamu hasa.

Harufu ya udongo ulionyeshewa mvua isikutishe, pu-erh iliyoivishwa, yaani iliyoharakishwa kuchachuka kwa mbinu ya miaka ya 1970, ndivyo ilivyo. Ile mbichi, inayoachwa ichachuke yenyewe polepole, huwa chungu ikiwa changa, hulainika kadiri inavyokaa. Ila ukiona ukungu wenye manyoya, tupa.

Na usiiweke kabati moja na karafuu au iliki: chai hunyonya harufu zote.