Isafishe lahajedwali kabla ya kuchora dashibodi

Watu huniletea dashibodi (kurasa za chati na jumla) zenye takwimu za ajabu wakiamini Power BI au Tableau ndiyo iliyokosea. Tukifungua faili la Excel lililo nyuma yake, mara nyingi kosa tunalikuta humo. Programu hizi huchora kile zinacholishwa, basi tuanze na chakula chenyewe.

Tuseme una faili la mauzo: majina ya bidhaa kushoto, miezi 12 imetandazwa juu, na safu (column) ya jumla mwishoni.

Hatua ya 1. Tengeneza nakala. Faili la asili usiliguse tena.

Hatua ya 2. Ondoa mapambo: seli zilizounganishwa, mistari mitupu, kichwa kikubwa cha ripoti. Ondoa pia jumla zote, za chini na za pembeni, la sivyo dashibodi itazihesabu pamoja na mauzo yenyewe na kila kitu kitaonekana mara mbili au zaidi. Na kama seli nyekundu kwako ina maana "hajalipa", ongeza safu ya hali ya malipo uandike hivyo kwa maneno. Rangi haitavuka kwenda kwenye dashibodi.

Hatua ya 3. Geuza miezi iwe mistari. Hapa ndipo ningependa utulie, kwa sababu ukipatia hapa, mengine yote ni mepesi.

Jicho la mtu hupenda jedwali pana, lakini uchambuzi unataka jedwali refu: safu moja ya bidhaa, moja ya mwezi, moja ya mauzo. Bidhaa 200 kwa miezi 12 zinakuwa mistari 2,400. Inatisha kuitazama, lakini sasa swali la "robo ya pili ilikuwaje?" linajibiwa kwa kuchuja safu moja, badala ya kuandika fomula inayokusanya safu tatu.

Kwanza andika vichwa vya miezi kama tarehe kamili, mfano 2024-01-01. Ukiacha majina matupu, yatapangwa kwa alfabeti na Agosti itamtangulia Januari. Bonyeza Ctrl+T kufanya data yako iwe jedwali rasmi, nenda Data, kisha From Table/Range. Inafunguka Power Query, zana ya kusafisha na kugeuza data, ambayo imo ndani ya Excel tangu toleo la 2016. Bofya kulia safu ya bidhaa, chagua Unpivot Other Columns, badilisha aina ya safu ya mwezi iwe tarehe, halafu Close & Load.

Angalia jambo moja: seli tupu hutoweka katika mgeuzo huu. Kama utupu wako una maana ya sifuri, andika 0 mapema. Faida kubwa ni kwamba Power Query hukumbuka hatua zako. Mwezi mpya ukiongezwa kwenye jedwali, unabonyeza Refresh tu.

Hatua ya 4. Pima ukubwa. Laha moja ya Excel inabeba mistari 1,048,576, na muundo wa zamani wa XLS unaishia 65,536. Mwaka 2020 nchini Uingereza, karibu visa 16,000 vya korona vilichelewa kuingia kwenye hesabu kwa sababu ya kikomo hicho cha XLS. Data yako ikianza kukaribia kikomo, ihamishie kwenye hifadhidata. Lahajedwali ibaki ya kukagua na kujaribu mawazo.

Hatua ya 5. Hakiki, kisha unganisha. Tengeneza PivotTable (jedwali la muhtasari la Excel) kutoka kwenye jedwali refu, ulinganishe jumla yake na ile ya faili la asili. Zikitofautiana hata kwa moja, usiendelee: tafuta mstari uliopotea. Zikilingana, fungua Power BI Desktop, chagua Get data, kisha Excel workbook, na uchague lile jedwali refu, siyo laha ya zamani. Kadi (kisanduku cha namba moja) ya kwanza kuweka kwenye dashibodi iwe ya jumla kuu, ili kila baada ya Refresh uione na kuilinganisha na PivotTable yako.