Mbwa wakali wanaozurura mtaani: mambo ya kuandaa kabla mtu hajang'atwa

Mtoto akishang'atwa, muda wa kuulizana ni kituo gani cha afya kina chanjo umeshapita. Maswali hayo yanataka majibu wiki kadhaa kabla, mchana, watu wakiwa wametulia: mbwa hawa ni wa nani, yupi kati yao amechanjwa, maji ya kuoshea kidonda yako wapi, na chanjo ya kichaa cha mbwa inapatikana wapi siku ya Jumapili. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Kabla ya dalili, kidonda kikioshwa vizuri na chanjo ikaanza mapema, ugonjwa huzuilika. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ugonjwa huu unaua watu wapatao 59,000 kila mwaka, na katika kila wagonjwa 100, kama 99 waliupata kwa mbwa. Watoto ndio wanaong'atwa zaidi, na mara nyingi hawasemi nyumbani kwa kuogopa kugombezwa. Kwa hiyo jambo la kwanza kabisa ni kuwaambia watoto, leo, kwamba aliyeng'atwa au kukwaruzwa na mbwa hachapwi wala hafokewi, hata kama alikuwa anamchokoza.

Kisha wafahamuni mbwa wenyewe. Wawili watatu wazunguke mtaa alfajiri na jioni, siku tatu mfululizo, wakiwa na daftari. Aandikwe kila mbwa: rangi, alama, masikio, mkia, dume au jike, ana mkanda shingoni au hana, anatokea upande gani na anarudi wapi. Jike mwenye chuchu zinazoning'inia huenda ana watoto mahali karibu. Piga picha kwa mbali bila kumulika. Ukifika siku ya tatu utagundua kwamba wengi mnaowaita koko wana mwenyewe, na mwenyewe huyo hufungua geti saa nne usiku ili mbwa wajitafutie. Hapo hatua zinabadilika, kwa sababu kuna mtu wa kuzungumza naye. Waende watu wawili anaowaheshimu, na daftari, wamwonyeshe tarehe na saa. Wakienda kumi kwa ghadhabu atakana kwamba mbwa ni wake, na mkishampoteza mwenye mbwa mmepoteza pia mtu wa kumpeleka kwenye chanjo.

Daftari litaonyesha pia wanakusanyikia wapi. Kwa kawaida ni penye jalala lisilofunikwa, nyuma ya mahali panapochinjwa, au palipo na jike mwenye joto. Jike huwa kwenye joto kwa wiki tatu hivi, wengi mara mbili kwa mwaka, na wakati huo madume humfuata kwa kundi, hupigana, na hata mbwa aliyezoeleka huwa hashikiki. Mimba huchukua takriban siku 63. Akizaa kwenye pagale au ndani ya kalavati, atamrukia yeyote anayepita karibu. Huyo hajaharibika tabia, analinda watoto. Wekeni alama mahali hapo na wanafunzi wapite njia nyingine hadi watoto wa mbwa wawe na wiki nane hivi. Takataka zitolewe asubuhi ya siku ya kuzolewa, zisilale nje usiku, na pipa lifungwe kwenye nguzo ili lisiangushwe. Jiwe juu ya kifuniko halisaidii kitu, mbwa mmoja mwenye njaa hulisukuma kwa pua.

Kuna watakaopendekeza sumu. Tunapinga kwa nguvu zote, na si kwa huruma peke yake. Anayekula nyama iliyotupwa ni yule anayewaamini watu, ambaye mara nyingi ndiye aliyechanjwa. Mwenye wasiwasi anayewarukia watu usiku huinusa na kuiacha. Nafasi inayobaki wazi, pamoja na jalala lake, hujazwa na mbwa wageni ambao hakuna anayejua kama wamechanjwa. Na sumu iliyobaki chini huokotwa na paka, kuku, na mtoto anayetambaa. Kinachokata mzunguko wa kichaa cha mbwa ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa wote wa eneo, kila mwaka au kama daktari wa mifugo atakavyoelekeza. Kama daftari lenu lina mbwa 40, basi mnahitaji 28 waliochanjwa. Mkiua kumi waliochanjwa, mmejirudisha nyuma wenyewe. Mwombeni daktari wa mifugo aje siku moja mahali pamoja, awachanje na kuwahasi, na kila aliyechanjwa atiwe alama inayoonekana kwa mbali, kama mkanda wa rangi moja shingoni.

Sasa kukutana naye njiani. Mwili wa mbwa husema kabla ya meno. Mkia unaotikisika si furaha kila mara: ukiwa umesimama wima, umekakamaa, na unatetemeka kwa haraka, huo ni mvutano. Nywele za mgongoni zimesimama, uzito wa mwili umeegemea mbele, anakukazia macho bila kupepesa. Anayebweka huku akija na kurudi mara nyingi anaogopa na anataka uondoke kwenye eneo lake. Wa kuchungwa zaidi ni anayenyamaza ghafla na kukakamaa.

Usikimbie. Mbwa anakushinda mbio, na mgongo unaokimbia humwamsha kufukuza hata kama hakuwa na nia hiyo. Simama, mgeukie kwa ubavu, mikono iwe karibu na mwili, macho yaangalie chini karibu na miguu yake ili bado umwone. Rudi nyuma polepole hatua moja moja ukielekea kwenye ukuta, gari au geti, ili asikuzunguke. Wakiwa kundi, ukuta ni muhimu kuliko kitu chochote, kwa sababu anayeng'ata mara nyingi ni yule aliyepita nyuma. Weka kitu kati yenu: mkoba, mwavuli uliofunguliwa, ndoo, baiskeli. Mwendesha baiskeli ashuke, atembee huku baiskeli ikiwa upande wa mbwa. Mbwa wengi hupoa gurudumu likisimama. Fimbo ishikwe mbele ikielekea chini. Ukiinyanyua juu, unamwonyesha kwamba umeanza vita. Kuinama kama unaokota jiwe huwatisha mbwa waliozoea kupigwa mawe, lakini fanya hivyo akiwa mbali. Akiwa hatua mbili kutoka kwako, kuinama kunapeleka uso na shingo mbele ya meno yake.

Akishika mkoba au koti, mwachie. Akishika mkono au mguu, jitahidi usiuvute kwa nguvu, maana meno yaliyokuwa yametoboa yatachana. Ukianguka, jikunje: magoti tumboni, uso umefichwa, ngumi zimefumbatwa nyuma ya shingo, viwiko vimefunika masikio. Na mbwa wakipigana wao kwa wao, usitie mkono katikati, hata kama mmoja ni wako. Mwagieni maji.

Watoto hawakumbuki maelezo, wanakumbuka michezo. Wafundisheni miwili. Wa kwanza ni mti: miguu pamoja, mikono imekunjwa kifuani, macho kwenye vidole vya miguu, kimya, mpaka mtu mzima aseme basi. Wa pili ni jiwe: piga magoti, uso kwenye mapaja, ngumi nyuma ya shingo. Mtu mzima ajifanye mbwa, awazunguke, awanuse, abweke karibu na sikio. Dakika tano kila Jumamosi kwa mwezi mmoja zinatosha kuufanya mwili ujue wenyewe. Waelezwe pia kutomgusa mbwa anayekula, aliyelala, aliyefungwa au mwenye watoto.

Mbwa mwenye kichaa ana dalili zake, na nyingine huwapotosha watu. Wengi wanasubiri kuona mbwa mkali anayetoka povu. Lakini badiliko lolote la ghafla ni la kutiliwa shaka: mkali aliyekuwa anawakimbia watu sasa anaingia uani taratibu, mpole wa nyumbani anang'ata mwenyewe, sauti ya kubweka imekwaruza, anatembea bila kuelekea popote, anatafuna mawe na vijiti, miguu ya nyuma inapepesuka. Kuogopa maji ni dalili ya binadamu. Mbwa mgonjwa anaweza kuonekana akilisogelea bakuli la maji. Tena kuna hili la taya kulegea. Mdomo unabaki wazi, mate yanadondoka, hawezi kumeza, na mwenye mbwa mwenye huruma anadhani ni mfupa umekwama kooni, anaingiza mkono kuutoa. Usiingize mkono kamwe. Mfungie mlango wa uani kwa nje na umpigie simu daktari wa mifugo. Mtoto wa mbwa naye anaweza kuwa na ugonjwa, kwa hiyo alama ndogo za meno yake zisidharauliwe.

Maji na sabuni vinastahili matayarisho kuliko tochi na filimbi, ingawa hivyo navyo viwepo. Kidonda kinatakiwa kuoshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili. Wanaoosha wengi huishia dakika mbili kwa sababu mtoto analia na maji yamekwisha. Penye bomba lisilokatika hakuna shida. Pasipo na bomba, tayarisheni dumu la lita 20: toboeni tundu dogo karibu na kitako kwa msumari uliopashwa moto, lizibeni kwa kijiti, kisha lipimeni kwa chupa ya lita moja na saa ya simu. Chupa ikijaa kwa dakika moja, kipimo ni sahihi, na lita 20 zitawatosha na akiba ikabaki. Kumbukeni kulegeza kifuniko cha juu, la sivyo hewa haiingii na maji yanakatika. Sabuni ya kipande iwekwe kwenye wavu na kufungwa mshikioni ili asije mtu akaiazima. Dumu moja likae kwenye nyumba inayojulikana na wote, maji yake yabadilishwe kila wiki.

Kuosha kunataka watu wawili, mmoja ashike na mwingine aoshe huku simu ikihesabu muda. Panua kingo za tundu la jino kwa vidole ili maji yaingie ndani, paka sabuni, suuza, paka tena. Usisugue kwa brashi. Anayeosha avae glavu au mifuko safi ya plastiki mikononi, hasa akiwa na michubuko. Damu ikiwa inaruka kwa nguvu, bana kwanza kwa kitambaa safi na mkimbilie hospitali. Baada ya kuosha pakeni ayodini au spiriti ya asilimia 70. Pilipili, mafuta ya taa, majivu, udongo na maji ya betri visikaribie: vinaunguza nyama, na muda unaopotea kuvitafuta ni muda wa kuosha. Kidonda kisishonwe haraka haraka wala kufungwa kwa kubana. Virusi husafiri kupitia mishipa ya fahamu hadi kwenye ubongo, ndiyo maana aliyeng'atwa usoni, shingoni au kwenye vidole hana hata saa moja ya kusubiri.

Kuhusu kituo cha afya, mtu mmoja apewe kazi ya kupiga simu kila mwezi na kuuliza: chanjo ipo leo, inatolewa siku zipi, inalipiwa kiasi gani, na je, kuna dawa ya kingamwili, yaani sindano ya kinga iliyo tayari inayopambana na virusi mara moja? Hii ya mwisho ni tofauti na chanjo na ndiyo inayokosekana zaidi. Inahitajika pale meno yametoboa ngozi, au mate yameingia kwenye kidonda, machoni au mdomoni. Hudungwa ndani na kuzunguka kidonda, na haifai kutolewa zikishapita siku 7 tangu sindano ya kwanza ya chanjo. Mkwaruzo mdogo usiotoka damu unahitaji chanjo tu. Aliyelambwa mahali ambapo ngozi ni nzima anahitaji kunawa basi. Mjamzito na mtoto mchanga nao wanachanjwa. Muulizeni mhudumu pia kuhusu pepopunda na dawa ya kuzuia usaha, kwa kuwa tundu la jino hufunga juu na kuacha uchafu chini.

Mbwa aliyeng'ata asiuawe papo hapo akiwa anaweza kufungiwa salama. Afungiwe na kuangaliwa kwa siku 10. Akiwa mzima baada ya siku hizo, daktari anaweza kusimamisha sindano zilizobaki. Akifa, au ikabidi auawe, kichwa kisipondwe, kwa sababu uchunguzi hufanywa kwenye ubongo. Daktari wa mifugo ndiye achukue sampuli, nanyi msimguse bila glavu. Lakini msisubiri siku hizo 10 ndipo mwanzishe chanjo. Sindano ya kwanza ni siku ileile.

Ratiba ya sindano za msulini ni siku ya 0, 3, 7, na ya nne kati ya siku ya 14 na ya 28. Zile za kwenye ngozi ni siku ya 0, 3 na 7, sehemu mbili za mwili kila mara. Aliyewahi kukamilisha chanjo zamani hupata siku ya 0 na 3 pekee. Tarehe hizo ziandikwe kwa wino kwenye karatasi ibandikwe mlangoni, na jirani mmoja apewe nakala, kwa sababu wengi huacha baada ya sindano ya pili wakiona kidonda kimekauka. Kidonda kinaweza kukauka ndani ya wiki moja. Dalili za kichaa cha mbwa kwa kawaida huja baada ya miezi miwili au mitatu, na mara nyingine hata mwaka.